Safu ya Maili

Saa tisa usiku, dawati la mapokezi.
Mtu wa mwisho aliingia saa sita na robo,
mzee Toivo Niemela, kidole kimechanwa na kekee ya kutobolea barafu.
Damu inadondokea fomu, naye ananiuliza,
"Ardis, bado unasoma tu? Na miaka yako hamsini na mmoja?"
Bado nasoma, nikamwambia. Tia sahihi hapa, kwa mkono mzima.

Sasa kitabu kimelala wazi kando ya simu,
Utawala wa Huduma za Afya, sura ya kumi na moja,
kizito kama tofali, bei yake
mafuta ya mwezi mzima ya kupasha nyumba moto.
Miaka kumi na tisa nimeandika majina ya wagonjwa.
Nimechoka kuwa mlango. Nataka kujua
ni nani huamua mlango utobolewe wapi.

Mwanzoni maneno yake yalinipiga chenga.
Kitanda si kitanda, ni uwezo.
Kitanda kitupu si heri, ni hasara.
Mgonjwa akipona siku mbili mapema tunamshukuru Mungu
au tunashukuru kiwango cha malipo, inategemea ukurasa.
Na nesi aweza kuwa nukta nane ya mtu.
Nilicheka peke yangu. Nukta nane ya Verna Pelkey ni ipi?
Ile inayokunywa kahawa,
au ile inayokesha na mzazi ikimwambia
pumua, mwanangu, usimtazame mumeo, nitazame mimi?

Swali la wiki iliyopita:
Hospitali ndogo, vitanda kumi na vinane, mji wa baridi.
Wodi ya uzazi hupokea watoto thelathini na wawili kwa mwaka,
kila mtoto na hasara yake mkononi.
Wewe ndiwe meneja. Funga, au usifunge. Toa hesabu.

Mwandishi hakututaja. Hakuwa na haja.
Wodi ile iko hatua arobaini kutoka hapa nilipoketi,
na mwaka huu, umebakiza siku sita,
sisi nasi tumefika thelathini na wawili.

Nilipiga hesabu. Nikarudia. Nikapiga kwa hila,
nikapandisha watoto hadi arobaini
kama anayeongeza maji kwenye supu wageni wakizidi.
Hesabu haikudanganyika.
Nikaandika: funga.

Profesa Okerlund alinipa tisini na nne
na maneno mawili ya wino mwekundu: Jibu jasiri.
Sikumwonyesha mtu.
Usiku uleule Verna alipita na sahani ya mkate wa iliki,
akasema, chukua vipande viwili,
ukishakuwa bosi utatukumbuka.
Nilichukua kimoja. Kilinikwama kooni.

Leo nimelirudia jedwali.
Nimeongeza safu ambayo kitabu hakina, nimeiita maili.
Kutoka kwa kina Niemela hadi Duluth, mia moja na nne.
Kutoka barabara ya mgodini, tisini na saba,
na daraja likiganda, Mungu ndiye ajuaye.
Kila maili nimeipa dakika, kila dakika nimeipa theluji,
na theluji sikujua niitoze dola ngapi.
Jumla bado inasema funga.
Ila sasa inasema huku imeinamisha macho.

Taa za gari.
Mlango unajifungua, baridi inatangulia,
halafu binti wa kina Bergstad, mkono mmoja kiunoni,
buti hazijafungwa kamba.
Namuuliza jina, ingawa nalijua,
tarehe ya kuzaliwa, bima.
Uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi?
"Sita," anasema. Anashika ukingo wa dawati. "Tano."

Nanyanyua simu kumwita Verna,
na kwa mkono wa pili, kabla sijasahau,
naandika kwenye pambizo ya kitabu:
thelathini na tatu.